Kima, Papa na Majina ya Hadithi
Mhadhara kwa wanafunzi wa fasihi

 

Paukwa!

Ahsanteni. Nimesikia "Pakawa" kutoka kila upande wa ukumbi, hata kwa wale wa nyuma wanaotafuta viti. Hakuna aliyewaelekeza mjibu, wala sijaona aliyefungua daftari. Basi kabla sijaanza, tumekwisha kufanya mambo matatu ambayo vitabu vyenu vinayapa majina. Mimi nimekuwa fanani, ninyi mmekuwa hadhira, na kwa pamoja tumetumia fomula ya kufungulia ngano, ile ambayo mtihani huiita mwanzo maalumu. Majina yamekuja nyuma, kitendo kilitangulia.

Nimeombwa nizungumzie istilahi za msingi za fasihi kwa wanaoanza kusoma hadithi na tanzu zake. Nina jambo moja tu la kusema. Istilahi hizi tunazozikariri, nyingi zilikuwa maneno ya kawaida kabla hazijawa istilahi: maneno ya msituni, ya mkekani, ya sokoni, ya msibani. Tukizirudisha kwenye kazi zake za awali, zinatufumbua macho tuione hadithi. Tukizikariri peke yake, zinasimama kati yetu na hadithi kama ukuta.

Nimesahihisha mitihani miaka mingi, na kuna karatasi moja sijaisahau. Mwanafunzi aliulizwa maana ya dhamira, msuko, mgogoro, mandhari na mhusika. Alizipata zote tano, neno kwa neno kama zilivyo kitabuni. Swali lililofuata lilimpa ngano fupi isiyojaza hata nusu ukurasa, akatakiwa aonyeshe mgogoro uko wapi. Akaandika tena maana ya mgogoro. Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu. Yule mtoto alikuwa amesoma, tena kwa bidii. Sisi walimu ndio tuliompa majina bila kumwonyesha vitu vyenyewe.

Kwa hiyo leo nitashika hadithi moja, nisiiache mpaka mwisho.

Mwaka 1864 mmisionari Mwingereza aitwaye Edward Steere alifika Unguja. Baadaye akawa askofu, lakini sisi watu wa fasihi tunamkumbuka kwa kazi nyingine: alikaa na wasimulizi wa mjini, akaandika hadithi zao kama walivyozitamka, na mwaka 1870 akazichapa London katika kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Humo mna kisa cha punda wa dobi. Nitawasimulia kwa maneno yangu.

Kima alifanya urafiki na papa. Palikuwa na mkuyu mkubwa penye maji ya kina, matawi yake nusu yameelekea mjini, nusu yameelekea baharini. Kila siku kima alipanda kula kuyu, na papa alikaa chini akiomba atupiwe, naye akatupiwa. Siku zikapita. Hata siku moja papa akasema: umenifadhili sana, twende kwetu nami nikupe zawadi. Kima akajitetea kwamba wanyama wa nchi kavu hawajui maji. Papa akamwambia, nitakubeba. Wakaenda. Walipofika katikati ya bahari, papa akasema: sasa nikwambie kweli, huko kwetu Sultani wetu ni mgonjwa sana, na tumeambiwa dawa yake ni moyo wa kima.

Kima akanyamaza kidogo. Kisha akasema: ungeniambia kulekule ningeuchukua. Sisi kima tukitembea hatuchukui mioyo. Huiacha juu ya miti. Papa akageuka, akamrudisha mpaka mkuyuni. Kima akaruka juu, akatulia. Papa akaita, akaita tena. Ndipo kima akamjibu kwa kumsimulia habari za punda wa dobi.

Punda huyo alikimbia mjini akaingia mwituni, akanenepa. Sungura akamshawishi akampeleka kwa simba. Simba akamrukia, punda akaponyoka akakimbia. Sungura akamfuata akamshawishi tena, na punda akarudi, na safari hii akauawa. Simba akataka awekewe moyo na masikio. Sungura akavila kwa siri. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudije mahali alipokwisha kukiona kifo? Kima akamaliza hapo, akamwambia papa: na mimi si punda wa dobi.

Sasa swali la kwanza la mtihani: hii ni utanzu gani?

Utanzu ni tawi la mti. Kabla ya kuwa neno la darasani, lilikuwa neno la mtu anayechanja kuni. Marehemu na walio hai waliotuwekea misingi ya uchambuzi wa fasihi simulizi walilichagua neno hilo kwa sababu fasihi ni mti mmoja wenye matawi, na tawi halina maana likikatwa. Mmoja wao, Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika, aligawa fasihi simulizi katika matawi sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi, yaani ujumbe unaopelekwa kwa mlio wa ngoma. Kisa chetu kiko katika masimulizi, hilo halina ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye vitawi. Mwanafunzi kutoka Kenya ataandika "hurafa", kwa sababu wahusika ni wanyama. Mwanafunzi wa Tanzania ataandika "kigano", kwa sababu hadithi ni fupi na ina fundisho. Mwingine ataiita ngano, mwingine hekaya kwa kuwa ndani yake mna mjanja anayemshinda mwenye nguvu, kama Abunuwasi wa hekaya zetu, ambaye jina lake limetoka kwa mshairi wa kweli wa Baghdad wa karne ya 8 na 9. Msimulizi wa Unguja aliridhika na "kisa". Nimewahi kuona wanafunzi wakinyang'anywa alama kwa kuandika jina la upande wa pili wa mpaka, na jambo hilo linaniumiza. Kila jina hapa linatazama upande mmoja wa kitu kilekile: hurafa hutazama nani anatenda, kigano hutazama hadithi inafanya kazi gani kwa msikilizaji, hekaya hutazama ladha yake. Mwanafunzi anayeandika jina na kueleza limetazama wapi, apewe alama zake zote.

Tuingie kwenye msuko. Wengine husema ploti, nami sina ugomvi na neno hilo, ila msuko nalipenda zaidi kwa sababu nimeuona ukifanyika. Bibi yangu alikuwa msuka mikeka. Alianika miyaa, akaichana, mingine akaichovya rangi ya zambarau na nyekundu, akairowesha ili ilainike, kisha akakaa barazani na ukili mapajani. Mimi nilikaa miguuni pake na kuufuata mwaa mmoja mwekundu kwa macho. Unapita juu, unazama chini ya mingine, unapotea kabisa. Nilidhani amekosea, ameuacha. Halafu vidole vyake vinageuka, na mwaa uleule unaibuka upande wa pili, mahali ambapo ndipo ulipokuwa unatakiwa ili ua likamilike. Nilimwuliza anajuaje utatokea wapi. Akaniambia ameshauweka tangu mwanzo.

Sasa rudini kwa kima. Ugonjwa wa Sultani ulikuwapo lini? Ulikuwapo kabla papa hajafungua kinywa kumkaribisha rafiki yake. Msimulizi aliuzamisha. Sisi tuliona urafiki, kuyu, shukrani, safari. Ule mwaa mwekundu ulikuwa unapita chini yake wakati wote, ukaibuka katikati ya bahari, mahali ambapo kima hana pa kurukia. Huo ndio msuko. Matukio kufuatana peke yake si msuko, kama vile rundo la miyaa si mkeka. Na kile kilichowafanya baadhi yenu msogee mbele vitini niliposema "sasa nikwambie kweli" ndicho taharuki. Nanyi mlitaharuki kweli, mwili ulionyesha. Kuhusu kisengerenyuma, au mbinu rejeshi kama wenzetu wanavyoiita, mnaona kimejitokeza palepale: papa anasema jambo lililotokea kabla, na likisemwa linabadilisha kila tulichokiona.

Mandhari sitayakalia sana. Neno lina maana ya kinachotazamwa, na hapa cha kutazamwa ni mti ule. Nusu ya matawi mjini, nusu baharini. Urafiki wa mnyama wa nchi kavu na samaki usingewezekana mahali pengine popote, na hila ya kurudi mtini isingewezekana pia. Anayeandika "mandhari ni ya baharini" akaendelea na swali jingine ameukosa mti.

Wahusika nao kwa ufupi. Mnafundishwa kuna wahusika bapa, wasiobadilika, na wahusika duara, wanaobadilika. Mgawanyo huo tumeupata kwa mwandishi Mwingereza E. M. Forster, aliyeutoa katika mihadhara yake pale Cambridge mwaka 1927, akizungumzia riwaya za kwao. Unafaa kwa riwaya. Kwa ngano uushike kwa uangalifu, maana ngano inakaa kwenye masikio ya kikundi cha watu usiku mmoja, na mhusika wake hana kurasa mia tatu za kubadilika. Anayeandika kwamba kima ni bapa kama kwamba huo ni upungufu wa msimulizi amepima kanzu kwa kipimo cha koti.

Nimefika mahali ninapopapenda kuliko pote, nanyi mnivumilie nikikaa.

Kisa hiki hakikuzaliwa Unguja. Kimo katika Panchatantra, mkusanyiko wa hadithi za Kihindi kwa lugha ya Kisanskriti, ambako kima na rafiki yake ndio wanaoshika fungu zima la nne. Katika karne ya 6 tabibu wa Kiajemi aitwaye Burzoe aliupeleka mkusanyiko huo katika Kipahlavi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Kutoka nchi za Kiarabu na bandari zake, hadithi zikasafiri na watu wa majahazi. Tazameni kilichobadilika njiani. Huko India rafiki wa kima ni mnyama wa majini wa jamii ya mamba, na mti ni wa jamii ya mzambarau. Katika Kiarabu mamba amekuwa kasa, na mti umekuwa mtini. Kwetu kasa amekuwa papa, na mtini umekuwa mkuyu, ambao ni ndugu yake wa damu. Mbweha aliyemdanganya punda amekuwa sungura, kwa sababu kwetu hila ni kazi ya sungura na msikilizaji asingekubali apewe mwingine.

Hayo ni mavazi. Sasa tazameni kilichobadilika ndani. Huko India na katika Kiarabu, anayetaka moyo wa kima ni mke wa yule rafiki, aliyeona mumewe anamaliza siku nzima mtini. Mgogoro ni wa nyumbani: urafiki unagongana na ndoa. Kwa msimulizi wa Unguja hakuna mke. Kuna Sultani mgonjwa. Rafiki amekuwa mjumbe wa enzi, na mgogoro sasa ni kati ya urafiki na amri ya mkubwa. Neno mgogoro tukilirudisha kwenye asili yake ni vitu viwili vinavyozuiana, gogo njiani. Muulize kila mara: gogo ni lipi, na limelala katika njia ya nani? Yule mwanafunzi wa karatasi angeulizwa hivyo, angejibu.

Na dhamira? Neno hili limetoka katika Kiarabu, na kwao ni kilichofichwa ndani, siri ya moyoni. Katika Kalila wa Dimna, kisa cha kima na kasa kinaletwa kama mfano wa mtu anayekipata anachokitafuta kisha kikamponyoka. Maana yake, macho yote yako kwa kasa, aliyekuwa na kima mgongoni akampoteza. Lakini msimulizi wetu alikipa kisa jina gani? Hakukiita kima na papa. Alikiita kisa cha punda wa dobi, jina la hadithi ya ndani. Amechukua hadithi ndogo iliyofungashwa ndani ya kubwa, akaiweka mlangoni. Kwa tendo hilo moja macho yamehama kutoka kwa aliyekosa hadi kwa aliyerudi: yule aliyeponea mara ya kwanza, akabembelezwa, akarudi. Msuko ni karibu uleule wa India. Dhamira si ileile. Mkitaka kujua kwa nini walimu wanang'ang'ania kutenganisha fani na maudhui, na kwa nini wengine tunang'ang'ania kwamba havitengani, jibu lote limo katika jina hilo. Jina la hadithi ni fani. Likabadilisha maudhui.

Tazameni pia neno moyo linavyotembea. Kwa Sultani, moyo ni nyama ya dawa. Katika uongo wa kima, ni kitu cha kutundikwa tawini kama kikapu. Kwa sungura, moyo ni akili, ukiambatana na masikio ya kusikia onyo. Kiswahili cha kila siku kinaweka ukarimu na ujasiri moyoni, na akili kichwani; hapa moyo umevaa maana ya kuazima kutoka Kiarabu, ambako moyo ndio unaofahamu. Na kuazima ndiyo maana yenyewe ya sitiari. Asili ya neno ni kuomba kitu cha mwenzio ukitumie. Mtu akiazima jembe hulirudisha. Mshairi akiazima jina la kitu kimoja akakipa kingine, maana zote mbili hukaa pamoja. Tofauti ya sitiari na tashibihi mnaijua, ile ya "kama" na "mithili ya", nami sitawachosha.

Kuna istilahi chache ambazo historia yake ni nzito zaidi. Riwaya, mnayoijua kuwa hadithi ndefu ya kuandikwa, kwa Waarabu ilikuwa kupokezana maneno kwa mdomo, kazi ya mtu aliyehifadhi mashairi ya mwingine akayafikisha. Fasihi yenyewe ni usafi wa kusema. Maneno mawili makubwa tunayoyatumia kwa vitabu yalizaliwa kinywani. Nalisema hili kwa wale wanaodhani fasihi simulizi ni chumba cha nyuma. Mganda Pio Zirimu wa Makerere alilazimika kuwabunia wenye Kiingereza neno jipya kwa sababu neno lao la fasihi linatokana na herufi, na sanaa ya mdomo ilionekana mgeni ndani yake. Sisi neno letu halikuhitaji kurekebishwa.

Na tanzia. Wengi wenu mmelisikia kwanza katika tangazo la msiba kabla ya kulikuta darasani kama jina la tamthilia inayoishia kwenye anguko. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia neno hilo linawatisha watoto, libadilishwe. Mimi nasema liachwe. Katika karne ya 10 Abu Bishr Matta alipotia kitabu cha Aristotle cha sanaa ya ushairi katika Kiarabu, hakuwahi kuona jukwaa la Kigiriki, na hapakuwa na la kutazama. Alipofika kwenye tanzia na futuhi, yaani tamthilia ya kuchekesha, aliandika ushairi wa kusifu na ushairi wa kukashifu. Wasomi wakubwa waliomfuata walijenga juu ya msingi huo kwa karne kadhaa. Huyo hakuwa mjinga. Alikuwa na jina bila kitu. Neno letu tanzia, ndugu wa taazia na rambirambi, angalau linamweka msomaji mahali panapofaa: ameketi na waliofiwa, anasikiliza ilivyokuwa.

Nimebakiza msimulizi. Vitabu vinasema yupo msimulizi wa nafsi ya kwanza, naye huona kwa macho yake tu, na yupo msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote, ambaye baadhi ya walimu humwita msimulizi maizi. Wa kisa chetu ni huyu wa pili. Anajua yaliyosemwa mtini, baharini na mwituni. Lakini kuna mahali amenyamaza. Kwa nini papa alisema kweli? Angenyamaza, angefika kwao na moyo ungepatikana. Hakuulizwa. Alikuwa katikati ya bahari, rafiki yake mgongoni, na akafungua kinywa mwenyewe. Msimulizi anayejua yote hakutuambia neno.

Niliuliza swali hilo darasani mwaka jana. Kijana mmoja alisema papa alijiamini, aliona kima hana njia. Mwingine akasema msimulizi alihitaji kima ajue, la sivyo hadithi ingekwisha. Hilo ni jibu la msuko, na ni zuri. Kisha binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye hakuwa mwepesi wa kunyosha mkono, akasema kwamba papa alikuwa amekula kuyu za mkono ule siku zote hizo, na uzito aliokuwa anauhisi mgongoni haukuwa wa kima. Darasa likanyamaza. Nilimwuliza ameliona wapi katika hadithi. Akafungua ukurasa, akaweka kidole pale papa anaposema nikwambie kweli, akauliza: mwalimu, adui husema hivyo?